Saa Iliyotangulia

Mwezi wa pili ukiisha, mafundi wa saa hula. Saa haijui kwamba mwezi huo ni mfupi. Yenyewe inaendelea tu, ishirini na tisa, thelathini, na mwenye saa anatembea mjini na tarehe isiyokuwapo duniani. Ndiyo maana Jumamosi ile, tarehe moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa nne wa vita, baraza ya Radjabu fundi saa ilijaa watu wenye kunyoosha mikono kama wanaongoja kuchanjwa.

Kazi hiyo kwa kawaida angeifanyia sokoni Rumonge, kwenye kibanda chake, chini ya saa ya ukutani aliyoiamini kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Lakini wiki ile risasi zililia milimani juu ya mji, soko likafungwa, na Radjabu akabeba meza, koleo na kioo chake cha kukuzia, akahamia nyumbani. Saa ya ukutani aliiacha imening'inia kibandani. Ni ya siku mbili tatu tu, alisema, nani ataiba saa nzito kama mlango?

Nyumba yenyewe haikukosa watu. Mkewe Kulthumu alikuwa mwanamke wa kubandika sufuria kubwa hata unga ukiwa mdogo, na jirani yao Mwavita, mzaliwa wa Uvira, alikuwa na maneno ya kushibisha waliokosa unga. Dirishani redio ya Kulthumu ililia mchana kutwa, imeshika Tanzania, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na taarabu na salamu za wasikilizaji. Habari za Bujumbura, alisema Kulthumu, zilimpandisha presha.

"Na mimi, baba mukwe? Ama wakwe wanatengenezewa idi kwa idi?"

Huyo alikuwa Fadhili, mume wa binti yao Asma, aliyekaa na mkewe chumba cha uani. Kazi yake ilikuwa kununua mawese Minago na kuyaleta mjini kwa baiskeli. Mfukoni alitoa kitambaa, na ndani ya kitambaa saa ya mkono, ya Uswisi, ya zamani, yenye kidirisha cha tarehe. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyefia kambini Kigoma. Mtu wa mtumbwi alikuwa ameileta juzi. Ilikuwa imelala, tarehe kumi na saba, haijulikani ya mwezi gani.

"Mutu wa mawese na saa ya mukono!" Mwavita akadakia. "Kesho utatutokea na kravati shingoni."

"Kesho nitawatokea na bidon mbili zaidi za mawese, dada Mwavita. Utaniomba mafuta, na mimi nitaangalia saa kwanza."

Watu wakacheka. Lakini Fadhili hakuwa akitania tu. Amri ya kutotoka nje ilikwisha saa kumi na moja alfajiri, na mtu asiye na saa alingoja adhana ya Mzee Aruna, ambayo ilifuata dakika chache baadaye. Kwa hiyo wanunuzi wote walitoka pamoja, wakafika Minago pamoja, wakagombania mafuta yale yale. "Nikiwatangulia dakika kumi tu," alisema, "ninakuta mapipa bado yanafuka moshi."

Radjabu akaifungua saa mgongo. Akapuliza vumbi, akadondosha mafuta kwa ncha ya sindano, kisha akafanya kama alivyofundishwa na aliyemfundisha: ndani ya kifuniko akakwaruza herufi na siku. R 1.3.97. Saa ikirudi mkononi mwa fundi baada ya miaka, hujitambulisha yenyewe.

Mkanda ulimpwaya Fadhili. Radjabu akachomeka msumari katika makaa ya Kulthumu, akatoboa tundu la sita, pembeni kidogo ya mstari, maana Mwavita alikuwa amemgusa kiwiko kwa kicheko.

Ikabaki tarehe. Saa za siku hizi zina njia ya mkato: unavuta kifungo cha pembeni nusu, unazungusha, tarehe inaruka. Za wengine pale barazani zilikuwa hivyo, na Radjabu alizisukuma tarehe bila kuigusa mishale. Ya Fadhili haikujua mkato. Kila siku moja ililazimu mishale izunguke saa ishirini na nne kamili, na kutoka kumi na saba hadi moja ni siku kumi na tano. Akaanza. Usiku na mchana vikapita chini ya kidole gumba chake, na Mwavita naye akaanza kisa cha mwanamume aliyewakimbia wake zake wawili akaenda Kigoma, kila mmoja akamfuata kwa siri ya mwenzake, wakakutana ndani ya mtumbwi mmoja.

"Katikati ya ziwa!" alisema Mwavita. "Mawimbi haya! Wameshikana, huyu anasema tukizama tuzame wote, yule anasema ndiyo, dada. Bwana yuko ufukweni anapunga mukono, anafikiri anapokea mmoja. Anahesabu: wawili!"

Baraza ikapasuka. Kulthumu alijifunga tumbo kwa kanga. Radjabu machozi yalimtoka, kioo kikamdondoka jichoni. Tarehe ilikuwa imefika moja, na redioni sauti ikasema, sasa ni saa nane kamili. Akaiweka saa nane, akakisukuma kifungo, akamfunga mkwewe mkononi.

"Hiyo," alisema akijifuta macho, "hata Bujumbura hawana."

*

Jumapili jua lilikuwa limeanza kuinama pale Bienfait alipoingia uani akisukuma baiskeli. Alikuwa Mkristo, mtu wa Fizi, mwenzake Fadhili katika biashara ya mawese.

"Amahoro, mama. Fadhili amefika?"

"Afike kutoka wapi, na mumeondoka pamoja?" Kulthumu aliuliza.

"Hatukuondoka pamoja. Nimemungoja Minago mpaka saa nne. Hata njiani sikumuona."

Asma alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukabaki hewani.

Watu walijaa kabla jua halijazama. Nyumba ile ilijaa kwa furaha, ikajaa kwa msiba, na leo ilijaa bila kujua ni kipi. Walisema yote yanayosemwa. Kwamba amevuka kwenda Kigoma kuona kaburi la baba yake. Kwamba watu wa msituni wamemchukua awabebee mizigo. Mmoja alisema, sauti chini lakini si chini ya kutosha, kwamba vijana siku hizi huoa Rumonge na kuoa tena Nyanza-Lac.

"Hakuoa popote," Asma alisema. "Aliniamsha akasema saa kumi na moja imefika. Mimi nikamwambia, mbona Mzee Aruna hajaadhini? Akawasha kiberiti, akanionyesha saa. Kumi na moja kweli, na dakika mbili. Akacheka. Akasema, leo mzee amelala, muadhini hana saa. Akaenda." Akameza mate. "Nikarudi kulala. Nilipitiwa na usingizi kabisa, nikaamka, nikakaa, ndipo nikasikia adhana. Ilikuwa kama saa nzima."

"Saa nzima!" Mwavita akapiga paja. "Basi ndiyo hiyo. Muzee alilala!"

Na neno hilo likatoka nje, likatembea lenyewe. Magharibi ilipoingia mtaa mzima ulikwisha kujua: Aruna kachelewesha adhana, watu wote wamebaki ndani wakimngoja, Fadhili kaingia barabarani peke yake. Askari wa bariere, kile kizuizi cha barabarani, wakiona watu ishirini wanaona soko. Wakiona mtu mmoja wanaona adui. Mzee Aruna, miaka thelathini akiadhini, mtu aliyelala msikitini tangu vita vianze ili asivunje amri ya usiku, alikuta kijana mwingine amesimama mahali pake. Hakubishana. Alikaa safu ya nyuma.

Jumatatu soko likafunguliwa. Radjabu alibeba meza yake, akafungua kibanda. Saa ya ukutani ilikuwa pale pale inagonga, haina habari. Ilisema saa mbili na nusu. Ng'ambo ya njia, muuza kanda alikuwa ameweka redio ya Kiswahili ya Tanzania, na mtangazaji akasema, saa tatu na nusu.

Radjabu alibaki na ufunguo wa kufuli mkononi.

Hakuna mtoto wa mwambao ule asiyejua kwamba Tanzania iko saa moja mbele. Unaisikia redio, unapunguza kichwani, kama unavyopunguza maji ya kunawa. Miaka ishirini na sita ya ufundi Radjabu alikuwa akipunguza bila kufikiri, na alipokuwa na saa yake ya ukutani hakuhitaji hata kupunguza. Jumamosi alikuwa nyumbani, na alikuwa akicheka.

Mzee Aruna hakulala. Fadhili ndiye aliyetoka saa kumi.

Alifunga kibanda kabla ya adhuhuri akaenda nyumbani kusema. Alikuwa amelipanga neno njiani, fupi. Alipoingia akamkuta Mwavita katikati ya wanawake.

"...na mimi ningekuwa yeye," alikuwa akisema, "ningehama mji. Utawezaje kumuangalia yule mutoto machoni?"

Asma alikuwa kwenye mkeka, magoti kifuani. Radjabu akakaa kizingitini. Neno lilimfika mdomoni, likarudi lilikotoka.

"Umerudi mapema," Kulthumu alisema. "Unaumwa?"

"Jua," alisema.

*

Jumatano wakaenda kumuulizia Fadhili kwenye kituo cha askari juu ya barabara ya Minago. Radjabu hakutaka kwenda peke yake, na aliyejitokeza kumsindikiza alikuwa Mzee Aruna, kanzu imepigwa pasi.

Waliambiwa wakae chini, kwenye vumbi, wavue viatu na kofia. Wakakaa. Jua lilipanda. Askari walipita wakiruka miguu yao. Mmoja alimwambia Radjabu achote maji, pipa lile, na ndoo ile. Akachota safari sita. Aliporudi ya mwisho akakuta wamemzunguka Aruna.

"Si ndiye huyu wa kulala? Mjini wanasema unachelewaga. Adhini basi, muzee, tusikie kama sauti iko."

Aruna aliangalia kivuli cha nguzo ya bariere. "Si wakati wake, baba."

"Mimi ninakuambia ni wakati."

"Unaweza kunipiga," Aruna alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Lakini hautakuwa wakati wake."

Wakacheka, mmoja akampiga kofi la kisogoni, si la nguvu, la kumdhalilisha tu. Baadaye mkubwa wao akatoka na daftari, akapitisha kidole, akasema hakuna jina hilo, hakuna tukio, Jumapili ilikuwa kimya. Warudi kwao.

Njiani Aruna alitembea na viatu mkononi, kwa sababu alisahau kuvaa.

"Radjabu," alisema, "mimi naona huyu mtoto hayupo tena. Lakini matanga hayakaliwi kwa tetesi. Eda ya Asma ina siku yake ya kuanzia, miezi minne na siku kumi, na siku hiyo ni lazima ijulikane. Bila tarehe atakaa hivi hivi. Si mke, si mjane. Miaka."

"Nimesikia, mzee."

Wakapita wanawake wenye mihogo kichwani. Wakamsalimu Radjabu kwa jina, wakampita Aruna.

"Na wewe," Aruna akauliza, "unaamini nililala?"

Radjabu alikuwa na barabara nzima ya kujibu. Hapakuwa na mtu.

"Watu wanasema mengi, mzee," alisema.

Aruna akatikisa kichwa, akainama, akavaa viatu.

*

Alhamisi, jua la saa nne, askari mmoja kijana alisimama mbele ya kibanda, bunduki begani, buti za mpira zimejaa tope.

"Amahoro, muzee. Wewe ndiye fundi saa?"

"Amahoro, shefu. Ndiye mimi."

"Hii iko saa moja mbele. Iweke sawa. Na mukanda unanuka, weka mupya."

Akaiweka mezani. Radjabu hakuhitaji kioo. Tundu la sita lilikuwa pale, pembeni kidogo ya mstari, na kuanzia tundu hilo hadi kwenye pini ngozi ilikuwa imekakamaa, nyeusi.

Alisikia saa yake ya ukutani ikigonga nyuma ya kichwa. Akachukua koleo.

"Nitafungua mgongo, shefu. Nione kama haijaingia maji."

"Fungua."

Akafungua, akakigeuza kifuniko. R 1.3.97. Akakiweka chali juu ya kitambaa.

"Saa nzuri," alisema. Sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya sokoni, ya kupiga soga na kila mtu, hakuwa na nyingine. "Siku hizi haziletwi. Ulinunua Bujumbura?"

"Nilipata."

"Na mwenyewe alikuwa hajui kuiweka sawa?"

Askari akacheka kidogo, kisha akaacha. Akaketi kwenye kiti cha wateja, bunduki katikati ya magoti. Alikuwa na umri wa Fadhili, pengine mdogo.

"Mwenyewe, sha! Mwenyewe alibishana na sisi. Dimanshi hii, Jumapili, saa kumi, giza tupu. Tunasikia velo, cheni inalia, na mutu anapiga mluzi kama anaenda harusini. Tunamwambia simama. Anasimama vizuri tu. Tunamuuliza, unajua ni saa ngapi? Anasema, kumi na moja imepita, shefu. Tunamwambia oya, hapana, iko kumi. Anasema, ego, ndiyo imepita, angalieni basi. Akanyosha mukono hivi." Alinyoosha wake, ghafla, ngumi mbele. "Mwenzangu iko mupya, ana siku tatu hapa. Anaona mukono unakuja na kitu kinang'aa. Sasa wewe, muzee, saa na grenade, bomu ya mukono, kwa giza, utatofautisha?"

Radjabu akapuliza vumbi ndani ya saa.

"Sitatofautisha," alisema.

"Ndiyo ninavyowaambia wenzangu." Askari alikwangua tope la buti kwa ukucha. "Hatukumutupa. Tulimuzika pale chini ya bariere, kwa michikichi, pale maji yanapita. Iko jiwe." Akakung'uta ukucha. "Kitu kimoja tu kinanisumbua. Hakudanganya. Nilipomuvua saa nikawasha tochi: inasema kumi na moja na robo. Alikuwa anasema kweli ya saa yake."

Mbele ya kibanda watu walipita na nyanya, na sabuni, na jogoo aliyefungwa miguu. Radjabu akachukua sindano, akainama juu ya kifuniko. Chini ya maandishi yake akakwaruza mengine, polepole.

"Unaandika nini?"

"Tarehe, shefu. Sisi mafundi tunaandika tarehe."

Aliandika 2.3., na siku ile ilikuwa tarehe sita. Askari hakuangalia. Radjabu akafunga mgongo. Akavuta kifungo cha pembeni, akakizungusha kurudi nyuma, na mshale mrefu ukafanya mzunguko mmoja tu, ukapita tisa, ukapita sita, ukapita tatu, ukasimama ulipotoka. Haikumchukua hata pumzi mbili. Akaweka mkanda mpya. Akamfunga.

Askari alinyoosha mkono kuuangalia, akailinganisha saa yake na ile ya ukutani. Zilikuwa sawasawa.

"Unajua kazi," alisema, akatupa noti mezani.

"Murakoze, shefu."

Alilisema neno hilo la shukrani, na noti akaichukua, maana angeiacha kijana angeuliza kwa nini. Mkanda wa zamani askari aliusahau kwenye ukingo wa meza, kama takataka zinavyosahauliwa.

*

Nyumbani walikuwa wanapika. Majirani walikuwa wamechanga maharage, na Mwavita ndiye aliyeshika mwiko. Redio ililia dirishani kwa sauti ya chini. Mzee Aruna naye alikuwapo. Alikuja kila alasiri kumjulia hali Asma, na kila alasiri hakuna aliyemkaribisha ndani, basi alisimama nje ya kizingiti, fimbo ukutani, anavuta tasbihi.

Radjabu akampita bila kumsalimu. Akasimama pale pale mlangoni, mgongo kwa mzee, uso kwa watu. Kulthumu alimwona, akaweka chini sahani aliyokuwa ameshika.

Akauweka mkanda juu ya mkeka, mbele ya Asma.

Asma hakulia mara moja. Aliuchukua, akaupitisha vidoleni akihesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano, na kwenye la sita, lile la pembeni, akatia ncha ya kidole chake, akakiacha humo. Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kilio. Akawainulia mkono mwingine, wakanyamaza.

"Yuko wapi?"

"Chini ya bariere ya Minago. Kwa michikichi. Wamemzika, kuna jiwe."

"Lini?"

"Ile ile Jumapili. Tarehe mbili."

Nje, tasbihi ya Aruna ilisimama. Tarehe ilikuwa imepatikana. Siku nne za eda zilikwisha kupita bila mwenyewe kujua. Radjabu angeweza kuishia hapo. Hakuna aliyekuwa na neno jingine la kumuuliza, wanawake walikwisha kuanza kufunua vichwa vyao na kufunga upya kanga za msiba, Kulthumu alikwisha kumkumbatia binti yake, na Mwavita alikwisha kutikisa kichwa kuelekea mlangoni, akisema kwa sauti ya kusikika, "Na mwenye kulala yupo, anatusikiliza."

"Saa ngapi, Baba?" Asma aliuliza.

Redioni mtu alikuwa akiwasalimu shangazi zake wa Ujiji, mmoja mmoja.

"Saa kumi," Radjabu alisema.

"Aliondoka kumi na moja. Mimi mwenyewe niliona."

"Uliona saa yake. Saa yake ilikuwa mbele. Mzee Aruna aliadhini kwa wakati wake, hajalala, hajalala hata siku moja. Niliiweka mimi. Jumamosi, pale barazani. Niliiweka kwa redio ile." Hakunyoosha kidole; macho yote yalikwenda dirishani yenyewe. "Sikupunguza. Tulikuwa tunacheka. Walipomsimamisha aliwaonyesha mkono waone saa, wakafikiri ana kitu."

Mwavita alikuwa na mwiko, mchuzi wa maharage ukimchuruzika kifundoni mwa mkono, unachoma, na hakuupangusa. Kulthumu aliinuka, akaenda dirishani, akazima redio, kisha akabaki ameishika kifuani kwa mikono miwili, kama ambaye hajui aitupe au aifiche.

"Tangu lini unajua?" aliuliza, bila kugeuka.

"Jumatatu."

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kila mtu chumbani akazihesabu. Kila mtu akakumbuka alichosema juu ya mzee katika siku hizo, na mbele ya nani, na Radjabu akiwa amekaa wapi.

Asma alikuwa bado na kidole kwenye tundu. Alimwangalia baba yake, na Radjabu alingoja. Alikuwa tayari kwa tusi, kwa sahani, kwa chochote kile kinachorushwa. Hakikuja. Asma alitazama pembeni yake, nje, mahali fimbo ilipoegemea ukuta.

"Mzee Aruna," aliita. "Karibu ndani." Kisha, kwa sauti ile ile, ya mtu anayepanga wageni: "Baba, ondoka mlangoni, mzee apite."

Radjabu akaondoka mlangoni. Aruna akavua viatu, akapita, na wanawake wakasogea, mmoja baada ya mwingine, wakamwachia mkeka katikati. Hata Mwavita alisogea, kichwa chini. Mzee akaketi, akafungua viganja, akaanza kumwombea Fadhili kwa jina lake na la baba yake. Viganja vyote vikafunguka.

Radjabu aliendelea kusimama. Aliangalia upande wa kulia, akaangalia upande wa kushoto. Nyumba ilikuwa imejaa, magoti kwa magoti, kama alivyoipenda siku zote, na alitafuta pa kukaa, asipaone.